Suruali Tatu za Mjomba

Jumatatu, 4 Agosti

Nimerudi kwa mjomba kwa likizo. Lengo ni moja tu: Pindo, kijana wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Likizo iliyopita tulikula aiskrimu mara mbili, akaniambia nikirudi nipite dukani. Nimepita. Hata kichwa hakuinua! Mama yake, fundi mwenyewe, ndiye aliyeniuliza shida yangu. Nguo za kike anashona mama, za kiume anashona Pindo. Ndio utaratibu wao. Nami nilivaa gauni. Dhuluma tupu.

Jumanne, 5 Agosti

Penye nia pana njia. Nimechukua suruali ya kijivu ya mjomba, nikaufumua mshono wa nyuma kwa wembe. Pindo akaipokea kwa mikono miwili. Alizungumza nami dakika kumi nzima. Kuhusu uzi! Akauliza kama mjomba amenenepa. Nikasema sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepeleka ya kahawia na nyeusi. Pindo akasema hizo zote kazishona yeye mwenyewe. Nikamsifu. Akazidi kununa. Wanaume!

Nyumbani binamu yangu kanitambia kwamba Pindo kamsalimia njiani, tena kwa tabasamu. Yeye ambaye hajawahi kumpelekea hata soksi! Mjomba naye hali tena chakula cha jioni. Anaamini kweli amenenepa.

Ijumaa, 8 Agosti

Maji yamezidi unga. Pindo haketi tena kwenye cherehani. Yuko pembeni, anashona vifungo kwa mkono. Mama yake amesema suruali tatu za mteja mmoja haziwezi kuachia ndani ya wiki moja bila sababu, kwa hiyo mwanawe hatagusa cherehani mpaka ajifunze upya. Macho ya Pindo yalikuwa mekundu. Nimekaa kitandani saa nzima nikitafuta mtu mwingine wa kulaumu. Binamu alikaribia sana kufaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeungama. Mbele ya wateja wanne! Fundi akaigeuza suruali, akasema kweli, mshono ukiachia wenyewe ncha za uzi hufumka, hizi zimekatwa. Akaniita mwanangu, kisha akanipiga marufuku kuleta nguo isiyo yangu. Pindo karudishiwa cherehani.

Akanisindikiza nje. Akasema Jumatatu hakuinua kichwa kwa sababu mama yake alikuwa akimwangalia. Alipanga kunifuata Jumatano jioni, ila suruali ya mjomba ikamweka kazini. Yaani kosa ni la suruali! Kesho saa kumi tukutane nje ya maktaba, akasema. Akasisitiza nije mikono mitupu.

Jumapili, 10 Agosti

Mikono mitupu! Na mazungumzo yakikauka, nani atalaumiwa? Nimechukua koti la mjomba. Kifungo kimoja tu. Hata sijakikata, nimekilegeza.