Vidonge Viwili Vilivyoahirisha Kesi Bila Amri ya Hakimu

Kumb. Na. 17
21 Mei

Kwa Daktari Msimamizi,
Kliniki ya Sukari na Presha,
Chumba Namba 6.

Ndugu Daktari,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na hasa tumbo lako likiwa mahali pake. La kwangu halipo, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Mimi ni yule karani wa mahakama uliyemwona tarehe 28 Aprili kwa dakika mbili na nusu, baada ya kukaa kwenye benchi lako saa nne na dakika kumi. Hunikumbuki, na sikulaumu, kwa kuwa hukuinua macho. Lakini mimi nina daftari. Tangu nimalize kidato cha nne, kila linalonipata naliandika siku hiyohiyo, kwa tarehe na saa. Kwa hiyo usiyachukue haya kuwa ni hasira. Ni kumbukumbu. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Vidonge ulivyonipa havijuani. Kile kikubwa cheupe cha sukari kinaharisha. Kile kidogo cha njano cha presha kinafunga choo. Nilidhani, kwa akili ya kawaida, kwamba kimoja kikivuta huku na kingine kikivuta kule, mimi wa katikati nitabaki sawa. Wapi! Vinapokezana kama walinzi wa zamu. Tarehe 30 Aprili: safari sita. Tarehe 3, 4 na 5 Mei: hakuna kitu, tumbo gumu kama mlango wa stoo. Tarehe 6 Mei: safari tisa, ya mwisho bila viatu. Kwa upande wangu nimejitahidi. Ili kupunguza safari, nimejiwekea kikombe kimoja cha maji kwa siku, lakini vidonge havikuthamini juhudi hizo.

2. Tumbo langu limeanza kushiriki katika kesi. Kazi ya karani ni kuandika kila kinachosikika mahakamani, na mimi siandiki nusu. Tarehe 11 Mei, wakili alisimama akasema anapinga swali, na kabla hajatoa sababu, tumbo likamuunga mkono kwa sauti. Nikaandika: "(ngurumo)". Mheshimiwa hakimu aliposoma mwenendo wa kesi jioni ile aliniita ofisini kwake. "Karani, hii ngurumo ni ya upande wa mashtaka au wa utetezi?" Nikamjibu kuwa ni ya kliniki. Kuhusu hewa sitaingia kwa undani, kwani mke wangu hupitia barua zangu zote kabla hazijatoka. Nitasema tu kwamba shahidi wa pili aliomba dirisha lifunguliwe, na ombi likakubaliwa bila pingamizi.

3. Kliniki yako inagawa dawa inayoharisha huku choo chake kina kufuli. Tarehe 13 Mei nilipokuja kupimwa, nilielekezwa kwa mlinzi mwenye ufunguo. Mlinzi akasema ufunguo anao msimamizi. Msimamizi ni wewe, na wewe ulikuwa kwenye semina. Mada ya semina ilibandikwa mlangoni kwako: "Kumjali Mgonjwa." Nilipata muda wa kuisoma mara moja tu.

4. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mahakamani kwetu, anayeita watu wasimame ni mimi. Mheshimiwa akitaka kutoka, mimi hunyanyuka kwanza, na kila mtu hunyanyuka nami. Nimefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita, na watu wamezoea hata siiti tena. Tarehe 14 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, shahidi akiwa katikati ya maelezo, kidonge cheupe kiliniita. Nikanyanyuka. Ukumbi mzima ukanyanyuka. Mheshimiwa alikuwa ameinama akiandika. Alipoinua macho akaona watu wote wamesimama, naye akasimama, akainamisha kichwa kama ilivyo desturi, akaingia ofisini kwake. Mshtakiwa, aliyeshtakiwa kwa wizi wa pampu ya maji, alimuuliza askari, "Imeisha?" Askari akamjibu, "Si unaona mwenyewe?" Mshtakiwa akaenda zake nyumbani. Kesho yake alirudi kuomba nakala ya hukumu iliyomwachia huru.

Mheshimiwa aliniuliza neno moja tu: "Karani, jana nilitoka kwa amri ya nani?" Kisha nikapewa barua. Ninatakiwa nijieleze kwa maandishi kabla ya tarehe 28 Mei, la sivyo nitahamishiwa chumba cha majalada ya zamani, kule chini, ambako hakuna dirisha, hakuna mtu, na choo kiko ghorofa ya pili.

5. Bahasha ya dawa haina maelezo. Hili ndilo linaloniuma zaidi kama mtu wa kumbukumbu. Bahasha ninayo hapa mbele yangu. Nimeibandika kwa gundi kwenye ukurasa wa tarehe 28 Aprili ili isipotee. Ina "karani wa mahakama" na "1 x 2", basi. Hakuna saa, hakuna onyo, hakuna hata pole. Ni kweli binti wa dirisha la dawa alisema maneno mengi, tena kwa upole, na mwisho akaniuliza, "Mzee wangu, umenielewa lakini?" Mimi wakati huo nilikuwa naandika saa niliyofika dirishani, na huwezi kuandika saa huku unasikiliza, kwani saa inapita.

6. Nakiri kwamba sukari yangu, iliyokuwa kumi na nne, tarehe 13 Mei ilikuwa nane, na presha iliyokuwa mia moja sabini juu ya mia moja na tano sasa ni mia moja thelathini juu ya themanini na mbili. Muuguzi alipiga makofi. Lakini namba hizo hakuna anayeziona. Niliyoyafanya tarehe 14 Mei yalionwa na watu hamsini na wawili.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, vidonge vyote viwili viitwe kwenye kikao kimoja, vielezane nani anafanya nini na siku gani. Hilo likishindikana, mheshimiwa hakimu, mwendesha mashtaka, mawakili na askari waandikiwe vidonge hivyohivyo, kwa saa zilezile, ili mahakama iwe inatoka pamoja bila kumwonea mtu mmoja. Hilo nalo likishindikana, nitamwomba mheshimiwa kliniki yako iunganishwe kama mshtakiwa wa pili katika kesi ya pampu ya maji, kwa kumsaidia mshtakiwa wa kwanza kuondoka mahakamani.

Nisipojibiwa, tarehe 25 Mei naacha vidonge vyote. Mke wangu nimemwarifu. Amesema, "Haya, baba, acha. Tutakuzika na tumbo tulivu." Kisha akanikumbusha kaka yangu mkubwa, aliyeacha za kwake kwa sababu ya tumbo hilihili, na sasa anatusalimia kwa mkono wa kushoto na kulishwa na mwanawe. Hoja hiyo nimeiandika kwenye daftari. Haihusu choo, kwa hiyo sikuijibu.

Nisalimie wote hapo: binti wa dirisha la dawa, muuguzi wa makofi, mlinzi asiye na ufunguo, na yule mgonjwa wa kwenye picha ya ukutani anayetabasamu. Yeye mwulize anameza nini.

Wako katika mateso, mwenye kuheshimu muda wako kuliko wewe ulivyoheshimu wangu,

Karani wa Mahakama

N.B. 24 Mei. Mke wangu amepitia barua hii. Alipofika namba 5 aliniuliza, "Na upande wa nyuma wa bahasha?" Nikamwambia upande wa nyuma una gundi. Akalichukua daftari langu la miaka yote, akalishika juu ya mvuke wa birika. Bahasha ilibanduka. Nyuma yake, kwa mwandiko mzuri wa yule binti, imeandikwa: "Cha sukari, meza katikati ya chakula, kamwe si tumbo tupu. Wiki ya kwanza nusu tu. Maji mengi, mboga, matunda. Tumbo likisumbua, rudi tubadilishe. USIACHE DAWA MWENYEWE." Mimi nilikuwa nikivimeza vizima tangu siku ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, tumbo tupu, ili chakula kisichafue kumbukumbu. Leo ni siku ya tatu navimeza na chakula na maji. Safari: moja kwa siku, kwa viatu. Kesho nakuja, si kuacha dawa bali kumwomba radhi binti wa dirishani, na safari hii daftari nitaliacha nyumbani. Barua hii siwezi kuichana kwa sababu imeshapewa namba. Ikikufikia, tafadhali ibandike kwenye jalada langu kwa gundi nyingi, upande wa maandishi ukiwa chini.