Matumbawe Yamekataa Kula Nyumbani Kwangu

Buyenzi, Bujumbura
Juni 2000

Shemeji Tajudini,

Nakusalimu kwa heshima inayompasa kaka wa mke wangu, na heshima hiyo ndiyo kitu pekee kinachonizuia kuandika barua hii kwa herufi kubwa. Ulipotuma kutoka Dar es Salaam lile tangi la kioo, chumvi yake ya bahari na samaki wawili, nilishukuru. Mtu anayelala kwa milio ya risasi anahitaji kitu cha kutazama ambacho si dirisha. Lakini haya matumbawe matatu uliyomkabidhi Hamimu, dereva wa lori, ayalete yakielea katika mifuko ya maji, ninayashtaki rasmi. Hoja zangu ni hizi.

1. Hayana adabu ya ugeni. Yalifika asubuhi, nikayapanga juu ya mawe, nikayaandalia ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, wakavu, waliosagwa laini kama unga. Yakajifunga, yote matatu, kama ngumi. Hamimu, anayejifanya profesa wa bahari tangu avuke mpaka na mifuko yako, akaniambia: "Mzee Chabani, Tajudini alisema siku za kwanza usiipatie kitu. Iache izoee." Nimesoma vitabu vingi, shemeji, vingine vya kipumbavu kabisa, lakini sijakutana na sheria inayomtaka mwenye nyumba amshindishe mgeni njaa ili azoee.

2. Yananishuku. Unajua desturi ya nchi hii: mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni anaona kwamba hakuna sumu, ndipo anakula. Nikafanya hivyo. Nilisimama mbele ya kioo, nikachota ule unga uliokorogwa kwa maji ya chumvi, nikameza, nikafungua kinywa ili yaone. Dada yako Adija akatokeza kutoka jikoni: "We Baba Houda, sasa unakula chakula ya mawe?" Matumbawe hayakufunguka hata upenyo wa sindano.

3. Yamenichafulia jina. Kwa kuwa mgeni anayekataa hubembelezwa, nilibembeleza: kijiko asubuhi, kijiko mchana, kijiko jioni. Maji yakawa uji, yakanuka hadi kwa majirani, na samaki mmoja akafa. Hamimu akaja kutoa hukumu: kosa ni langu, nimezidisha. Yaani yenyewe yamegoma kula, mimi nimehukumiwa kwa ukarimu! Nimebadilisha maji kwa chumvi yote iliyobaki.

4. Hii ndiyo inayoniuma. Unamkumbuka Népomuscène wa mtaa wa Nyakabiga, yule mwalimu niliyekuwa nikibishana naye juu ya magazeti kila Jumapili, huku akimaliza sahani mbili za wali wa dada yako? Tangu vita vianze bado anakuja. Anabisha, anawatukana wahariri, tunacheka. Lakini sahani ikifika: "Apana, Chabani, mi nimetoka mezani sasa hivi." Miaka saba anatoka mezani! Sijawahi kumuuliza, naye hajawahi kusema. Kwao walikufa watu, kwetu pia, na kila mtaa una uvumi wake kuhusu majiko ya mtaa wa pili. Nilikuwa nimejifunza kuvumilia kukataliwa na mtu mmoja. Sasa umeniongezea wakataaji watatu, tena ndani ya kioo, sebuleni kwangu.

5. Eti yanakula taa zikizimwa. Hamimu ameapa: zima taa, simamisha pampu inayozungusha maji, ngoja yatoe vidole vyake, kisha udondoshee kila moja chakula kidogo kwa bomba la sindano, mara mbili kwa wiki, basi. Gizani, shemeji! Katika mji huu wanaongojea giza tunawajua, na hawaji kula.

Kwa hiyo naomba, kwanza, uyaite matumbawe yako kwenu mara moja. Pili, kwa kuwa uko karibu na Arusha kuliko mimi, uwaandikie wanaotupatanisha huko waongeze kifungu: atakayeketi kwa mwenzake na kukataa chakula kilichokwisha kuonjwa, aeleze sababu mbele ya mashahidi, awe na miguu au asiwe nayo. Tatu, ujue kwamba hadi kifungu hicho kipite, jiko langu limefungwa kwa wageni wote, na sitamwonjea chakula kiumbe yeyote.

Wasalimie watoto, mama mkwe Mwavita, na majirani zako wote wanaokula wanapokaribishwa.

Ni mimi shemeji yako, mwenye njaa ya haki,
Chabani

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeichana. Népomuscène alikuja jioni hii kunibishia kwamba mawe hayali. Nikazima taa, ukabaki mwanga hafifu wa jikoni, nikasimamisha pampu na, kwa mazoea tu, nikaonja kwanza. Kisha nikadondosha. Yakafungua vinywa, shemeji, yote matatu, yakameza taratibu kama wazee kwenye karamu. Népomuscène akainama hadi pua ikagusa kioo. Halafu akageuka: "Na mi, sahani yangu iko wapi?"

Futa maombi yote matatu. Matumbawe yasiguswe, tuma chumvi. Adija alileta wali na ndagala, nami nikachukua kijiko nimwonjee mgeni wangu, kama desturi inavyotaka. Hakuningoja nimeze.