Ombi la Wanaosali Kupewa Haki za Pengwini

Chumba cha Kufulia,
Sitaha ya chini kabisa,
Meli ya watalii ya Isglimt, Antaktika.
Tarehe 23 Desemba.

Kwa Nahodha Brekkhus,

Amani ya Bwana ikufikie huko juu kwenye usukani, na iwafikie wote wanaokusaidia kukwepa milima ya barafu.

YAH: SALA ZETU ZA ALFAJIRI, NA WANAOZIVURUGA

Mimi ni Perpetua Macaraeg, dobi mkuu wa meli yako. Kwa sura huenda hunikumbuki, lakini mashati yako yananijua. Lile doa la mchuzi wa samaki kwenye shati lako jeupe nililitoa bila kumwambia mtu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nataka tu ujue kuwa anayekuandikia si mtu wa fujo.

Kwetu Ufilipino, kabla ya Noeli tunasali alfajiri tisa mfululizo, jogoo akiwa bado hajawika. Wazee wetu walitufundisha kwamba anayezikamilisha zote bila kukosa hata moja, Mungu humpokelea ombi lake moja. Humu melini padri hatuna, kwa hiyo tunasali rozari na kuimba kidogo kwenye ukumbi wa kulia wa mabaharia, kati ya friji na mashine ya kahawa.

Ombi langu nitakutajia, maana nawe ni mzazi. Binti yangu Hiyasmin hasemi nami. Nilimwahidi kuwa nitakuwepo kwenye ubatizo wa mjukuu wangu, kisha ofisi ikaniita, nikasaini mkataba mwingine nikapanda ndege. Neno lake la mwisho kwenye simu lilikuwa hili: "Basi Mama, kaa na hao pengwini wako, maana ndio wanao." Akakata. Tangu hapo namtumia salamu, naona amezisoma, jibu hakuna. Mjukuu sasa anatembea. Nimemwona kwenye picha alizonitumia jirani.

Sasa Nahodha, leo ilikuwa alfajiri ya nane, na mpaka hapa tulipofika hakuna hata moja iliyokwisha kwa heshima. Malalamiko yangu nimeyapanga kama ifuatavyo:

1. Spika. Bi. Ragnfrid, kiongozi wetu wa msafara, ana sauti nzuri. Ningekuwa na kwaya ningempa kiti cha mbele. Shida ni kwamba hajui kuchagua saa. Sisi tuko katikati ya Salamu Maria, mara spika inalia: "Habari za asubuhi, habari za asubuhi nyote! Nyangumi upande wa kulia!" Na waumini wangu, watu wazima ambao wameona nyangumi mpaka wamewachoka, wanaruka viti kama wanaitwa kwenye mgao wa sukari. Juzi nilibaki na Teryo peke yake, mpishi wetu wa mikate, naye alibaki kwa sababu alikuwa amelala. Namshukuru Mungu kwamba spika ya chumba changu cha kufulia imekufa tangu msimu uliopita. Ndiyo baraka pekee iliyobaki kwenye sitaha hii. Naomba fundi asiiguse.

2. Jua. Hapa naomba uvumilivu wako, maana jambo lenyewe ni la kiimani. Kasyano wa chumba cha injini aliwahi kukaa seminari mpaka walipomchoka, na elimu ile bado inamwasha. Siku moja baada ya sala, mdomo umejaa, akaniambia (humu melini wananiita Petang):

"Dada Petang, alfajiri ni mwisho wa usiku, si ndiyo? Haya, usiku uko wapi?"

Nikamwambia asinitanie.

"Sikutanii. Ile ya kwanza sawa. Tulikuwa bado kwenye mawimbi ya mlango wa bahari wa Drake, giza lilikuwepo, tena kila mtu alisali kwa moyo wote maana tulijua tunakufa. Lakini tangu tuvuke kuja huku chini, jua limezama lini? Siku ni ileile moja, dada yangu. Hata ukisali mara mia, hesabu yako ni mbili."

"Na jogoo je?" akadakia Teryo.

"Jogoo yuko kwenye friji. Huyo hawiki tena."

Walicheka, nami nikacheka. Kisha nikashuka kukunja taulo, nikajikuta nazikunja zilezile mara ya pili. Nahodha, nisipofikisha tisa kwa sababu ya uvivu wangu, hiyo ni haki yangu. Lakini nisipofikisha kwa sababu jua limekataa kulala?

Siombi uliamuru jua. Najua mipaka ya cheo chako, ingawa wageni wengine hawaijui. Naomba usiku mfupi tu wa kiofisi: mapazia yashushwe, utangaze kwamba ni usiku, na uandikwe kwenye kitabu cha safari kwa mkono wako. Nahodha akishaandika kuwa ni usiku, Kasyano ni nani abishe?

3. Mkate. Baada ya sala tunakula bibingka, mkate wetu wa mchele na tui la nazi. Teryo anauoka bila majani ya migomba, maana huku hata unyasi hauoti, lakini Mungu kambariki mikono. Tatizo ni harufu. Inapanda kwenye mabomba ya hewa hadi vyumba vya wageni, na wageni wanashuka nayo hadi kwetu, wamevaa majoho ya kuogea ambayo nimeyafua mimi. Wa kwanza alikuwa Bwana Hollenweger, yule mzee wa Uswisi anayesafiri peke yake. Alisimama mlangoni akasema, "Endeleeni, endeleeni, msinijali mimi," huku macho yako kwenye sinia. Siku ya pili akaketi. Sasa ameshika "Utuombee" na anaitikia kwa sauti kuliko sisi wote, hasa akiona litania inakaribia mwisho. Sikatai mtu kuingia nyumba ya sala. Lakini jana alileta wenzake, na mabaharia waliotoka zamu walikuta makombo na pole.

4. Nyangumi wenyewe. Kila kitu kwenye meli hii kina saa yake. Chakula kina saa, boti za mpira zina saa, hata yule bwana wa mawe ana saa yake ya kuwaeleza wageni habari za mawe. Nyangumi peke yake ndiye anayekuja bila miadi, na hakuna aliyewahi kumkemea. Naomba awekwe kwenye ratiba, baada ya kifungua kinywa. Najua utasema nyangumi si mwajiriwa wako. Ni kweli, lakini kwenye vitabu vya matangazo picha yake ni kubwa kuliko yako, kwa hiyo mapatano fulani lazima yapo. Hapa namshukuru Bi. Ragnfrid, maana nilimwendea leo kuzungumza kama wanawake, akaniahidi: "Dada Petang, kesho hata atokee nyangumi mwenye mabawa, sifungui mdomo." Mungu amlipe. Lakini ahadi ni ya kesho tu, na mimi nafikiria miaka ijayo.

5. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimesoma sheria zilizobandikwa pale wageni wanapovalia buti. Pengwini hasogelewi chini ya hatua tano. Pengwini akitaka kupita, binadamu anasimama, hata awe jaji. Karibu na pengwini watu wananong'ona. Chakula chake hakiguswi. Mgeni hakanyagi kwake mpaka amesugua buti kwa brashi na dawa, na mifuko ya koti imekaguliwa isije ikabeba hata mbegu moja ya nyasi. Kwa kosa la kumzibia pengwini njia, nimeona profesa akirudishwa kwenye boti kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Sasa Nahodha, pima mwenyewe. Pengwini anasimama wima, nasi tunasimama. Anakusanyika na wenzake kwenye baridi. Nasi vivyo hivyo, maana hita ya ukumbi wetu unaijua. Anaimba bila kupatia sauti. Umewahi kumsikia Teryo? Anamwachia mwenzake mtoto, anakwenda baharini kutafuta chakula, na akirudi anamwita mtoto wake katikati ya maelfu mpaka aitikiwe.

Kwa hiyo naomba rasmi kwamba, kuanzia Noeli hii, kila baharia anayesali kwenye meli hii atambuliwe kuwa pengwini. Asisogelewe chini ya hatua tano. Apishwe. Anong'onewe. Mkate wake usiguswe. Na atakayeingia asugue kandambili zake kwanza. Hatuombi zaidi ya alichopewa ndege asiyejua hata kuruka. Binti yangu alishanihesabu upande wao. Basi na marupurupu yao nipewe.

Nategemea hekima yako. Ukiona barua ni ndefu, isome ukiwa umevaa shati safi, utanielewa upesi zaidi.

Nisalimie wote walio juu: msaidizi wako, ambaye naomba aache kusahau kalamu mfukoni, daktari, na goti lake, Bi. Ragnfrid, na mama watoto huko kwako ukimpigia leo. Mwambie mashati yanatunzwa.

Wako katika Kristo na katika sabuni,
Perpetua Macaraeg,
Dobi Mkuu.

Nyongeza, tarehe 24.

Nahodha wangu, barua hii niliikunja jana nikakusudia kuileta leo baada ya sala ya tisa. Sasa kwanza nikuombe radhi.

Bi. Ragnfrid alitimiza ahadi. Ile kelele mliyoisikia meli nzima haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Tulikuwa tumefika tendo la tano la rozari, Maria anamkuta mtoto wake hekaluni, nami ndiye niliyekuwa naongoza. Nikainua macho, na kwenye dirisha letu dogo la duara, karibu kabisa, nikaona jicho. Ubavuni pake kulikuwa na jingine, dogo. Mama na mwanawe. Sijui nilifikaje kwenye ile simu ya ukutani inayosikika kwenye spika zote, ile tuliyoambiwa tuiguse kwa moto na mafuriko tu. Najua nilisema "Nyangumi!" na baadaye nikaambiwa niliongeza "Jamani!" mara nyingi. Nilitoka na kandambili hadi sitaha ya nyuma, rozari shingoni, nikawapiga picha za video huku nalia kama mfiwa, nikamtumia Hiyasmin bila neno lolote.

Akajibu. "Mama, huyo anayepiga mayowe ni wewe? Ikiisha tu mtoto anasema, 'Bibi, tena!' Nimeirudia mpaka simu imepata moto. Hebu piga, niko macho."

Nimepiga. Mengine ni yetu sisi wawili, ila jina langu anaweza kulitamka, yule mdogo, nusu yake.

Nilipoteremka, Kasyano alikuwa ananingoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada Petang, ya tisa umeivunja mwenyewe. Sasa sisemi kitu."

"Kasyano, jua limezama?"

"Bado."

"Basi siku ni ileile. Kaa chini tumalizie."

Akakaa. Na Bwana Hollenweger akakaa, ingawa sinia lilikuwa tupu. Tukamalizia.

Kwa hiyo malalamiko yote nayaondoa. Namba mbili naomba uifute upesi kuliko zote, usije ukatangaza usiku kabla sijamaliza kushukuru. Pengwini wabaki na haki zao. Nyangumi waje watakapo.

Ila lipo jambo moja dogo. Spika ya chumba cha kufulia ni mbovu tangu msimu uliopita. Naomba fundi aje leo hii.