Nimejipa Tano

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepata elimu ya chuo kikuu, tena nikiwa juu ya ngazi nafuta madirisha ya ukumbi. Mtoa mada aliwaambia wafanyakazi wa ofisini kuwa anayejiamini hufanya kazi vizuri, na anayejidharau huharibu hata anayoijua. Wenye viti walisinzia. Mimi wa ngazini nilimeza yote! Na ninayahitaji: nafasi ya kudumu kwenye usafi ni moja, vibarua tuko wawili. Mwenye kazi ya kudumu anaruhusiwa kuleta mtoto kwenye chekechea ya chuo. Wangu anashinda kwa mama mkwe. Jana kamwita yeye mama. Mimi kaniita shangazi.

Jumanne, 4 Machi
Fomu za kujipima, moja hadi tano. Mwenzangu, tunayemwita Taratibu kwa sababu hupiga deki kama anaibembeleza sakafu, kajipa tatu tatu. Maskini! Mimi tano kila mahali. Hata penye mashine ya kung'arishia sakafu, ambayo sijawahi kuigusa. Msimamizi alifurahi mpaka akavua miwani. Akasema basi Alhamisi ning'arishe ukumbi wa baraza, wakubwa wanakuja.

Taratibu akaniuliza kama kweli naijua. Nikamwambia, dada, kujua ni kwa wasiojiamini.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi ya kujiamini mbele ya kioo cha choo cha walimu. Nikatamka mara tatu kwamba mashine itanitii. Mlango wa nyuma yangu ukafunguka, profesa mmoja mwanamama akatoka, akaitikia amina, akanawa mikono. Dalili njema!

Taratibu alikuwa stoo, anasoma maelekezo ya mashine. Anapoteza muda.

Alhamisi, 6 Machi
Mashine inajiamini kunizidi.

Nilibonyeza tu. Ikanichukua! Tulizunguka ukumbi kama maharusi, tukaangusha vyungu viwili vya maua, tukapanda zulia la wakubwa, zulia likatafunwa pembeni. Msimamizi akatokea mlangoni na suti yake mpya, akarukia juu ya meza. Nikapiga kelele kwamba ninajiamini. Naye akapiga kelele kwamba nizime. Taratibu akaja vilevile kama jina lake, akachomoa waya ukutani, akasema mdogo wangu, shuka, tumefika.

Ijumaa, 7 Machi
Nafasi kapewa Taratibu. Nimelia stoo, uso ndani ya matambara ya deki. Yalikuwa safi, lakini.

Akanifuata huko huko. Akaniambia niache ujinga, yeye ameshaongea na mwalimu mkuu wa chekechea: wanatafuta kibarua wa usafi, na mtoto naruhusiwa kuja naye. Nilimkumbatia mpaka kilemba kikamdondoka. Moyo wa dhahabu! Ila hajiamini, masikini ya Mungu. Eti nafasi ameipata kwa kusoma maelekezo.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya kwanza. Mwanangu kaniita mama! Mara mbili. Ya tatu alikuwa anaiita ndoo, lakini aliyeishika ni mimi. Yote haya ni kujiamini. Ningejipa tatu, nani angenijua?

Mwalimu mkuu kanipa fomu, moja hadi tano. Kufagia, tano. Kuosha vikombe, tano. Chini kabisa wameuliza, mwalimu akiumwa, kama naweza kuwapigia watoto kinanda.

Nimekwenda kukitazama. Hakina waya.

Tano.