Ghala la Mbegu la Chillcapampa Latimiza Mwaka

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkoa, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake mnakiona, Mheshimiwa Padri, Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Polisi pamoja na mbwa wake, Waheshimiwa wajumbe wa baraza, walio macho na waliopumzika, wakulima wa viazi wa bonde la juu na la chini, na mimi mwenyewe, Eleuterio Pacheco Loayza, Meya wenu kwa awamu ya tatu: itifaki imezingatiwa.

(Makofi kutoka safu ya mbele, wanakokaa wafanyakazi wa manispaa.)

Ndugu wananchi, leo sikuja kuzungumzia siasa, nimekuja kuzungumzia bayolojia. Wengi wenu mnadhani tawala huangushwa na majemadari, na siwalaumu, kwa sababu hamkuhudhuria ile semina ya siku mbili kule Cusco ambayo mimi niliihudhuria. Wazee wetu waliitawala milima hii yote, na inasemekana kilichowatikisa kwanza si farasi wa wageni kutoka ng'ambo bali ugonjwa wa ndui, uliofika kabla ya farasi hao, ukamuua mfalme na mrithi wake, ndugu wakabaki wanagombania kiti. Na kiazi chetu hiki hiki kilivuka bahari kikanenepesha mataifa ya watu, mpaka nchi moja ya kisiwani ikategemea karibu aina moja tu, ugonjwa wa ukungu ukaingia shambani, viazi vikaoza, watu wakafa njaa kwa mamia ya maelfu. Hayo niliyaandika kwenye daftari kwa mkono wangu.

(Don Toribio Sulca, mkulima, kutoka nyuma: "Sasa wewe mbona ulituletea aina moja?")

Swali zuri, Don Toribio, na litashughulikiwa katika ngazi husika. Nilikuwa nasema kwamba manispaa, baada ya upembuzi yakinifu, iligundua kuwa mkulima wa Chillcapampa anachanganya aina arobaini za viazi katika tuta moja, vyeusi, vyekundu, vya njano, hadi kile chenye vifundo ambacho mama mkwe humpa bibi harusi akimenye ili aone kama atalia. Mtaalamu wetu alihesabu mpaka akaomba likizo. Hali hiyo, ndugu zangu, haiingii kwenye jedwali, na kisichoingia kwenye jedwali hakiwezi kuendelezwa.

Ndipo tukabuni Mradi wa Kimkakati wa Uhifadhi Shirikishi, ambapo kila kaya ilikabidhi mbegu zake zote, jumla magunia mia tatu na kumi na mawili, zihifadhiwe katika ghala la kisasa lenye ubaridi, na nyinyi mkapewa kiazi cheupe, kikubwa, kila kimoja pacha wa mwenzake. Matokeo yanajieleza. Ulinganifu wa mashamba ulipanda kutoka asilimia nne hadi asilimia mia moja. Na ukungu ulipoingia mwezi Februari, nao pia ulisambaa kwa ulinganifu, bonde la juu na la chini, bila kubagua kaya yoyote. Hilo si kosa la manispaa, ni la bayolojia.

(Kicheko kibaya. Mwanamke mmoja aliyevaa kofia ya sufu anasimama: "Bwana Meya, mimi ni Hilaria Ccahuana, wa kule juu. Nilikupa magunia manne. Mbegu za mama yangu na za mama yake. Kile cheusi ukungu haukiwezi, na wewe unajua, umekulia hapa hapa.")

Mama Hilaria, mama yangu, keti kwanza.

("Nimeketi tangu Mei, mavuno yalipokosekana, nakula unga wa msaada na wanangu. Mvua ni wiki ijayo. Nisipopanda sasa, mwaka ujao tunahama, tunaenda kuokota chupa mji mkuu, Lima. Mengine yote endelea nayo, sikuzuii. Nionyeshe ghala nichukue mbegu zangu." Sauti: "Mjibu huyo mama.")

Namjibu. Ghala, Mama Hilaria, lazima lieleweke katika upana wake. Kwa maana finyu ya kuta, paa na mlango, mchakato unaendelea. Kwa maana pana ya dira, ghala limekamilika kwa asilimia themanini na saba, na picha yake mnaiona hapa nyuma yangu, imepakwa rangi.

("Hiyo ni turubai," anasema Don Toribio. "Upepo ukivuma tunamwona mbuzi nyuma yake.")

Mbuzi huyo ataondolewa. Sasa tuseme pamoja: Mbegu moja! (Wakulima wanaitazama turubai.) Dira moja! (Wafanyakazi wa manispaa: "Dira moja.") Meya mmoja! (Mbwa wa polisi anabweka.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru shemeji yangu Wenceslao, mkandarasi, kwa kuichora turubai hii usiku kucha. Na kwa namna ya pekee nawashukuru akina mama wa jikoni, waliotupikia siku ile ya kuweka jiwe la msingi, pale tulipojikuta na wageni mia mbili kutoka mji mkuu, hatuna hata kuku, na magunia yale ya mbegu yamerundikwa uani yakingoja ghala. Walichimba shimo, wakayachoma mawe, wakavifukia humo viazi vyote mpaka vikaiva. Wageni walisema tangu wazaliwe hawajaona rangi nyingi vile katika sahani moja. Hasa kile cheusi, walikisifu sana. Waliomba na vya kubeba, tukawafungia vilivyobaki, hakikusalia hata kimoja.

Kwa hiyo, Mama Hilaria, nadhani swali lako limejibiwa. Asanteni kwa kunisikiliza.