Majogoo Hutaga Jumanne

Jumatatu, 2 Juni

Mwaka wa shule umekwisha. Shule yenyewe ni meza yetu ya jikoni, mwalimu ni mimi, wanafunzi ni binti zangu: Odette, miaka kumi na miwili, na Hollis, minane. Kimebaki kikwazo kimoja. Alhamisi anakuja Bi Dunleavy, mwalimu mstaafu, kuwakagua. Hapa Pennsylvania sheria inataka hivyo. Akitia sahihi, tunaendelea mwaka ujao. Asipotia, watoto wanapanda basi la njano la shule ya serikali na mimi narudi kuuza bima. Mke wangu Gretchen, muuguzi asiyezungusha maneno, ameniuliza kama suti yangu bado inanienea. Hainienei. Sikumwambia.

Hesabu hainipi shida: tulijenga banda la kuku. Fizikia pia: lilianguka. Kinachoninyima usingizi ni sayansi ya viumbe. Kuku wangu sita, niliowanunua wakiwa vifaranga kwa mzee Hostetter, hawajataga hata yai moja. Wazuri mno. Vishungi vyekundu, mikia ya kujipinda, na wanawika kabla ya jua. Nadhani ni wachelewaji tu.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya soko. Kama kila Jumanne tangu Januari, nimerudi na mayai na kuyapenyeza kwenye viota watoto wakiwa bado wamelala. Kuku ni mwigaji. Akiona yai ataelewa anachotakiwa kufanya. Tena sitaki watoto wakate tamaa. Hollis huyaokota, hunitazama kwa muda, kisha husema, "Hongera, baba." Mtoto ana adabu.

Jirani yetu Lorna Kessler kaegemea ua. Anafundisha watoto wake watano nyumbani. Wake wanaimba kwa sauti nne na kuoka mkate wa ngano waliyoipanda wenyewe. Bi Dunleavy aliwakagua wiki jana akatoa machozi; ya furaha, Lorna alihakikisha nimeelewa. Halafu akaniuliza, "Clifford, hao kuku wako mbona wana sauti nzito hivyo?" Nikamwambia wana mafua.

Jumatano, 4 Juni

Mpango. Kesho si siku ya soko, lakini lazima mgeni aone banda lina mazao. Nimenunua dazeni nzima, nimeificha kwenye friji nyuma ya kabichi.

Nimewafanyisha watoto mazoezi. Wakiulizwa wasichokijua, wahamishie mazungumzo kwenye banda. Odette akataka kujua: hata wakiulizwa habari za mito? Nikamwambia, hasa hapo.

Alhamisi, 5 Juni

Gretchen alipokuwa anamkaribisha mgeni chai, mimi nilikuwa bandani na mayai mifukoni. Nikarudi nikipiga mluzi.

Bi Dunleavy ni mwembamba, ana viatu vya mvua na macho ya mtu aliyekwisha kusikia visingizio vyote. Akaanza na Odette, ambaye alieleza kwa mchoro kwa nini banda lilianguka, na jinsi alivyolijenga upya siku niliyokwenda kung'oa jino. Mimi miezi yote hii nilijua limejinyoosha lenyewe.

Kisha Hollis. Aliulizwa amesoma nini katika sayansi.

"Majogoo," akasema.

Nikakohoa. Hakujali. Akaeleza kwamba tunao sita, na hutaga Jumanne tu, baba akisharudi sokoni. Mayai hutoka yakiwa ya baridi. Baba alipougua Februari, wiki ile halikutoka hata moja. "Lakini mara moja haitoshi," akasema. "Ikabidi nisubiri augue tena."

Nikakumbuka dirisha la chumba changu, jinsi lilivyokuwa likikutwa wazi kila asubuhi, na baridi ile, mwezi mzima wa Machi.

Bi Dunleavy akamwuliza, na leo je? Hollis akafikiri. Leo Alhamisi, akasema, haikupasa kuwa na kitu. "Ila tuna mgeni. Nakisia dazeni."

Tukaenda sote. Dazeni. Bi Dunleavy akachukua yai moja, akaligusisha shavuni. "Baridi kama barafu," akasema, kisha akaegemea banda na kucheka mpaka majogoo wakaanza kuwika wote kwa pamoja. Banda halikutikisika. Gretchen naye kashika mbavu.

Mgeni alipopata pumzi akawauliza watoto kwa nini hawakuniambia. Odette akatazama viatu vyake. "Tuliogopa atakata tamaa," akasema. "Alikuwa anajitahidi sana."

Gretchen akaacha kucheka, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika jikoni. Suti hakuitaja tena.

Sahihi ilikuwa imeshatiwa kule kule bandani, karatasi ikiwa juu ya paa. Mayai tumeyakaanga yote.

Ijumaa, 6 Juni

Njia yangu ya kufundisha imethibitika. Nimemweleza Lorna kwamba yote yale niliyapanga tangu Januari. Kuhusu hilo suala la majogoo, bado sijashawishika. Hollis ana miaka minane tu.

Mwaka ujao tunasoma maziwa. Mzee Hostetter ananiuzia mbuzi wawili, na ameniapia kwamba wote ni majike. Mmoja anaitwa Daisy. Wa pili anaitwa Harold. Jina la ukoo, amesema. Nimeshanunua ndoo.

Hollis kaniuliza maziwa yatakuwa yakitoka siku gani.

Nimemwambia Jumanne.