Mume wa Kuombea Viza

Ebo Arhin alikuwa na tai tatu na hakuwa na anwani hata moja. Mjini Akra walimwita Konsula, na ofisi yake ilikuwa benchi la mama muuza kenki, ugali wa huko wa unga uliochachuka, mkabala na jengo la kuombea viza za Ulaya. Kila asubuhi alikaa pale, miguu kaikunja nne, akitazama wanaotoka. Anayetoka anacheka hakumhusu. Anayetoka kanywea, bahasha kwapani, huyo ndiye riziki yake.

Siku hiyo akatoka mwanamke wa haja, kitenge cha bei mbaya, anaipunga bahasha kama anafukuza nzi.

"Pole, dada," Konsula akasema huku akiinyoosha tai. "Wamekunyima."

"Umejuaje?"

"Hao nawajua kuliko mama zao. Wamesema hawaamini kama utarudi."

Kweli, ndivyo walivyosema. Jina lake Araba Quansah, muuza samaki wa moshi. Mdogo wake yuko Hamburg, ana mimba ya mapacha, uzazi wa kwanza. Barua ya mwaliko Araba anayo, bima anayo, tikiti ya kurudi anayo.

"Kila walichotaka nimewapelekea," alisema. "Mdogo wangu atajifungua peke yake kama hana kwao."

Huruma ilimgusa Konsula moyoni. Akaifukuza upesi.

"Mume unaye?"

"Alifariki."

"Basi hapo ndipo penye ugonjwa! Mwenye mume nyumbani hurudi. Tutapiga picha za harusi. Na kwa kuwa mabwana harusi wa kukodi ni ghali, nitakaa mimi mwenyewe, kwa nusu bei."

Akachukua ada ya ushauri, akachukua na ada ya ubwana harusi. Watu wengine haya waliziacha tumboni kwa mama zao!

"Wewe tafuta wazee wa kukodi," akamwagiza. "Wapokee posa, tupige picha, basi."

"Wa kukodi," Araba akaitikia, mpole kama maji ya mtungini. "Na kwenu ni wapi vile? Nisije nikaulizwa nikababaika."

"Saltpond, nyuma ya kanisa kubwa," akajibu bila kufikiri. Lilikuwa neno la kweli pekee alilosema wiki nzima.

Jumamosi Konsula akaingia nyumbani kwa Araba kavaa vazi la kente la kuazima, na chupa mbili za jini, pombe kali ya posa, mkononi. Ndani ya chupa mlikuwa na maji ya bomba, kwani jini halisi ni ya watu wanaooa kweli. Akazikabidhi jikoni. Mkobani alikuwa na tikiti ya basi la Lome, ng'ambo ya mpaka, la jioni ile ile.

Sherehe ikaenda vizuri ajabu. Wazee walikuwa wazito, wanakohoa mahali panapotakiwa kukohoa. Mkubwa wao akainua chupa.

"Araba, kinywaji hiki tukipokee?"

"Kipokeeni."

Akauliza mara ya pili, akajibiwa vile vile. Konsula akajifuta chozi kwa ajili ya mpiga picha. Mara ya tatu, "Kipokeeni!", vigelegele vikapasua paa. Mzee akamimina kidogo chini, na Konsula akasikia harufu. Maji ya bomba hayanuki. Ile ilikuwa jini.

"Chupa hizi zimetoka wapi?" akanong'ona.

"Nimezileta mimi," sauti ikajibu nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake mzazi, ambaye hakuwa amemwona tangu alipoazima baiskeli yake asiirudishe.

"Bibi huyu alinifuata Saltpond kwa adabu zote," mjomba akasema, machozi yanamlengalenga. "Akaniambia mpwa wangu anataka kuoa ila anaona haya kuniita. Wewe mtoto! Mimi nina kinyongo gani na wewe?"

"Na hawa wazee?"

"Baba zangu wadogo," Araba akasema. "Wa kukodi si ulisema ni ghali?"

Pale ukumbini hakuna asiyejua maana yake. Posa imeletwa na mjomba wa mume, bibi kaulizwa mara tatu, na kinywaji kinashuka kooni mwa ukoo mzima. Harusi ya hapo haingoji muhuri wa mtu. Macho ya Konsula yakakimbilia mlangoni.

"Nje wapo wateja wako wa zamani," Araba akasema, anampakulia wali. "Nimewaambia wangoje kwanza nijue wanamdai mume wangu au wanamdai tapeli. Mume wangu atawalipa pole pole, kwa samaki. Tapeli, mimi simo."

Konsula akaivuta sahani ya wali. "Mume," akasema.

Araba akaomba tena, na safari hii alipoulizwa nani atamrudisha nyumbani, hakupepesa hata jicho. Viza ikatoka. Siku ya kuondoka akamwachia mumewe ufunguo wa duka na mama mkwe, mamake Araba, naye mama mkwe akaachiwa pasipoti ya Konsula, ambayo aliihifadhi kifuani, mahali pasipofikika.

Ulimi uliouza hewa ukauza samaki, na samaki wakaisha kila siku kabla ya adhuhuri. Wateja wa zamani wakaja, wakalipwa, wengine wakaanza hata kumsalimu. Mapacha wakazaliwa salama.

Basi Konsula angetulia, lakini usingizi ukamruka. Njia zote za kwenda Ulaya na kupotelea huko alizijua, maana aliziuza yeye. Na sasa kilichomshika Araba asipotee kilikuwa nini? Yeye! Ebo Arhin! Dhamana gani hiyo? Akajikuta anaomba Mungu, kwa dhati, kwamba maneno aliyoyauza pale benchini yawe ya kweli japo mara moja.

Viza ilipokaribia kwisha akaenda uwanja wa ndege na tai yake nzuri kuliko zote, inanuka moshi. Abiria wakatoka, wakapungua, wakaisha. Akakaa chini. Kisha mlango ukafunguka tena, na kitenge anachokijua kikatokeza nyuma ya mzigo.

"Umerudi!"

"Si ulisema mwenye mume nyumbani hurudi?"

"Nilisema. Lakini mwenyewe nilikuwa siamini."

"Hata mimi," Araba akasema, akamtwisha begi.